Msaada: nataka seva idake imeili zote za domeini moja (Postfix, VPS moja wateja wanne)

KijanaWaSae
Wakuu habari za jioni, huku Mbeya baridi la Juni linauma vidole mpaka kuandika shida ni shida, ila niende kwenye mada.

Nina VPS moja ndogo (seva ya kupanga mtandaoni), ramu giga 2, Ubuntu, Postfix ya kupokea na kutuma imeili na Dovecot ya kutunza maboksi, humo nimepangisha wateja wanne. Mmoja ananunua parachichi Rungwe anasafirisha nje, mwingine ana shule, mwingine mbao kule Mafinga, wa nne ana duka la pembejeo hapa Mwanjelwa. Miaka miwili imeenda vizuri tu. Sasa wiki iliyopita boss wa parachichi kanipigia saa moja asubuhi, "kijana wangu, nataka mtu akiandika chochote mbele ya jina la kampuni yangu imeili inifikie mimi, hata akikosea". Nikamwambia hiyo nyepesi boss, dakika tano.

Domeini zote nne nilikuwa nimezirundika kwenye mydestination (orodha ya domeini ambazo Postfix inazihesabu ni za seva yenyewe), na watumiaji ni akaunti za kawaida za Linux. Nikagugo nikakutana na hii:

`luser_relay = bosi`
`local_recipient_maps =`

Nikaweka, nikarilodi, nikatuma imeili kwenda ugalimaharage@ domeini yake, ikafika. Nikajipongeza nikaenda kula chipsi. Kesho yake boss ananitumia skrinishoti tatu: mzazi analalamikia ada ya mwanae wa fomu two, mtu anaulizia bei ya mbao mbili kwa nne, na mwingine anaulizia dawa ya viwavi jeshi kwenye mahindi. Zote zimetua kwenye boksi lake. Hajafurahi, na mwenye shule akijua ndo nimekwisha. Nimekosea wapi?

chuma_ya_tunduma
Kwani wateja wako hawana WhatsApp? Zama hizi mtu anahangaika na imeili za parachichi

KijanaWaSae
Mkuu mnunuzi yuko Ulaya, invoisi na vyeti vya mazao vinakuja kwa imeili, WhatsApp hawaitaki kabisa. Tusaidie au pita kimya

Fundi_Makambako
Kamwene wakuu. Dogo kosa lako liko wazi. luser_relay haijui mambo ya domeini hii au ile, inadaka kila jina lisilojulikana kwa kila domeini iliyoko kwenye mydestination. Kwa hiyo mzazi aliyekosea anwani ya shule kaenda kwa mtu wa parachichi kama ulivyoiamuru.

Toa domeini ya parachichi kwenye mydestination, ihamishie huku kwenye main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix):

`virtual_alias_domains = mfano.co.tz`
`virtual_alias_maps = hash:/etc/postfix/virtual`

Kisha ndani ya /etc/postfix/virtual andika

`@mfano.co.tz    bosi`

Halafu `postmap /etc/postfix/virtual` (ndo inageuza faili liwe ile ambayo Postfix inaisoma) na `postfix reload`. Usiiache domeini sehemu zote mbili, Postfix itakulalamikia kwenye logi kwamba umeiorodhesha mara mbili. Na zile mistari zako mbili za mwanzo zifute leo leo, usisubiri kesho.

binti_wa_seva
Hahaha hiyo @ peke yake bila jina mbele ndo tunaiita kipa. Inadaka kila kitu kinachopita mabeki. Ila kipa huyu anadaka hata mawe ya mashabiki, jiandae

KijanaWaSae
Wakuu nimefanya kama Fundi alivyosema. Shule imepona, mbao imepona. LAKINI sasa hivi dada wa mauzo wa kwenye kampuni ya parachichi ananipigia anasema toka jana mchana hajapata imeili hata moja, na mhasibu hivyo hivyo. Nimeangalia, zote zinaenda kwa boss!! Boss anasoma mpaka mtu wa mapokezi akiomba ruhusa ya kwenda msibani. Ofisini kwao kimenuka

Fundi_Makambako
Aah samahani mdogo wangu, nilidhani umeelewa. Ukishaihamisha domeini kwenye virtual_alias_domains zile akaunti za Linux hazihesabiki tena kwa hiyo domeini. Kila anwani lazima uitaje mwenyewe:

`mauzo@mfano.co.tz     pch_mauzo`
`mhasibu@mfano.co.tz   pch_mhasibu`
`@mfano.co.tz          pch_bosi`

Hiyo pch_ mbele ni ushauri wangu tu. Kwenye seva ya kuchangia usiwape watu akaunti zinazoitwa info, mauzo, mhasibu, maana wateja wanne wote watataka info@ na Linux ina info mmoja tu. Angalia hata sasa hivi, zile domeini tatu zilizobaki mydestination zinachangia majina. Ukiwa na akaunti inaitwa info, basi info@ ya shule na info@ ya mbao ni boksi moja.

KijanaWaSae
Mkuu acha kabisa. Nimeenda kuangalia sasa hivi. Akaunti ya info ni ya jamaa wa mbao. Shule wanatumia ofisi@ kwa hiyo hawakuwahi kugundua, lakini kuna imeili za wazazi kule toka mwaka jana. Nimekaa kwenye ngazi hapa nje najifuta jasho na baridi lote hili

chuma_ya_tunduma
Nipo pale nimekaa na karanga zangu

nguzo_ya_Iringa
Swali la kijinga wakuu, huyo kipa lazima aandikwe mwisho wa faili? Ndo shida yake labda

Fundi_Makambako
Hapana, mpangilio wa mistari haujalishi. Postfix inatafuta anwani kamili kwanza, ikikosa ndo inatafuta @domeini. Hata ukimweka kipa mstari wa kwanza ni sawa tu.

binti_wa_seva
Na wale mnaotumia virtual_mailbox_domains (maboksi yako kwenye Dovecot, hakuna akaunti za Linux) kuna shimo lingine hapo mimi nilitumbukia nikiwa bado chuo. Boksi lipo, mtu yupo, pasiwedi inafanya kazi, ila ukiweka kipa kwenye virtual_alias_maps imeili zote zinamfuata kipa, maana aliasi (mstari wa kuelekeza anwani kwenda nyingine) inaangaliwa KABLA ya boksi. Dawa yake unaandika anwani ijielekeze yenyewe:

`mauzo@mfano.co.tz   mauzo@mfano.co.tz`

Inaonekana upuuzi lakini ndo hivyo, kila mwenye boksi aandikwe hivyo kwenye ile faili. Ukisajili mfanyakazi mpya ukasahau mstari wake, atakaa wiki nzima anadhani hapendwi.

KijanaWaSae
Nimeandika mistari yote ila hakuna kilichobadilika, bado zinaenda kwa boss

Fundi_Makambako
Umepiga postmap?

KijanaWaSae
...

KijanaWaSae
Sasa imekubali. Asanteni

mzee_wa_logi
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Fundi kaeleza vizuri, sina la kuongeza kwenye njia, ila nina machache na moja ni swali.

La kwanza, ile `local_recipient_maps =` ambayo kijana aliiweka, kama haijafutwa ifutwe kweli, siyo kuwekewa alama ya reli (#) tu halafu mtu mwingine aje aifufue. Ukiiacha tupu seva inapokea imeili ya jina lolote mlangoni. Sasa hivi luser_relay ikiwepo zinaenda kwa boss, siku ukiitoa luser_relay ukasahau hiyo nyingine, seva itapokea kwanza halafu ndo ishtuke mtu hayupo, ianze kuandika barua ya kurudisha. Na mtuma spamu hatumii anwani yake, anatumia ya mtu mwingine asiye na habari. Kwa hiyo wewe unamrushia mtu wa watu barua za "imeshindikana" ambazo hakuwahi kutuma. Seva yako inaingia kwenye orodha nyeusi kwa kosa ambalo hata hukulijua. Kukataa kunatakiwa kufanyike mlangoni, pale pale kwenye mazungumzo ya SMTP, 550 na kwaheri.

La pili, akaunti za Linux mnapoandika `pch_bosi` bila mkia, Postfix inaongeza myorigin (domeini yake ya kawaida) yenyewe. Kama myorigin yako (kwenye Ubuntu mara nyingi iko /etc/mailname) ni hiyo hiyo mfano.co.tz, basi inarudi kwenye domeini ile ile, inajizungusha, mwisho inakataliwa. Myorigin iwe jina la seva lenyewe, na jina hilo libaki kwenye mydestination.

La tatu, wengi wanapima kwa `postmap -q jinalolote@mfano.co.tz hash:/etc/postfix/virtual`, inarudi kimya, wanadhani kipa hayupo. Hiyo amri inatafuta neno ulilompa tu, haishuki kwenda kwenye @domeini. Pima kwa `sendmail -bv jinalolote@mfano.co.tz`, itakuletea ripoti ya inakokwenda bila kumsumbua mwenye boksi.

Sasa swali. Kijana, boss wa parachichi alisema anataka nini hasa? Siyo alivyosema kwa lugha ya kompyuta. Kilimtokea nini mpaka akapiga simu saa moja asubuhi?

KijanaWaSae
Shikamoo mzee. Sikumuuliza kwa kweli. Ngoja nimpigie

chuma_ya_tunduma
Mzee umeingia kama refa wa VAR

KijanaWaSae
Wakuu mtacheka. Nimeongea nae. Kumbe walichapisha makatoni ya kufungia parachichi, katoni elfu tano, na mchapaji akaandika mauso@ badala ya mauzo@. Makatoni yapo stoo, mengine yameshavuka bahari. Kuna mnunuzi aliandika kwenye hiyo anwani ya kwenye katoni, ikagoma, akaja kumlalamikia kwa simu. Ndo boss akaona dawa ni kudaka zote.

mzee_wa_logi
Basi dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

`mauso@mfano.co.tz   pch_mauzo`

Siku tatu za mateso, imeili za wazazi kwa mtu wa mbao (hiyo angalau tumeigundua, shukuru), na mapokezi kusomwa ruhusa yake ya msiba. Yote kwa z na s.

binti_wa_seva
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂 ila kuwa mkweli mzee, huku kwetu makosa ya spelingi ni jadi. Majina kama Tusajigwe au Ambakisye mtu wa Dar anayaandika kwa kubahatisha. Mimi niliwahi kuweka aliasi nne za dada mmoja na bado imeili zilimpita

Fundi_Makambako
Mimi bado nipo upande wa kipa kwa wateja wadogo. Mtu ana domeini, yuko peke yake, anataka kila atakaposajili aweke jina tofauti, duka hili analiandikia dukahili@, benki anaandika benki@, akianza kupata spamu anajua nani kauza anwani yake. Hiyo raha huipati kwa aliasi moja moja

binti_wa_seva
Hiyo raha unaipata kwa alama ya jumlisha bila kipa. `recipient_delimiter = +` basi mauzo+duka@, mauzo+benki@ zote zinaingia kwa mauzo. Kuna fomu za mitandaoni zinakataa + basi weka `+-` zote mbili, Postfix inakubali kuanzia 2.11. Ila kuwa makini kama una watu wenye kistari kwenye jina

Fundi_Makambako
Hilo nalo neno. Lakini anayejua kukata mkia wa + atakata tu aanze kukutumia kwenye jina kavu

binti_wa_seva
Sawa, anayekata mkia wako ni mmoja. Kwenye kipa hakuna hata cha kukata, anabuni

nguzo_ya_Iringa
Mimi natumia hostingi ya kulipia yenye cPanel sio VPS, kuna sehemu imeandikwa Default Address, ndo hiyo hiyo?

mzee_wa_logi
Ndiyo hiyo hiyo, ila chini yake kuna Exim siyo Postfix. Kwenye faili ya domeini yako ndani ya /etc/valiases mara nyingi utaona mstari wa nyota wenye `:fail:`, maana yake anayekosea anaambiwa hapo hapo. Kuna nyingine inaitwa `:blackhole:`, inapokea na kuitupa kimya, mtumaji anaamini imefika. Hiyo usiiguse. Mteja aliyekosea herufi anatakiwa ajue amekosea, angalau arekebishe.

KijanaWaSae
Wakuu kuna jingine. Nilimwachia boss kipa akiwa hewani siku mbili hizi kwa sababu alipenda, anasema "acha tu, zisije zikapotea". Na kwa kuwa boss hataki kufungua imeili ya kampuni nimeifowadi yote iende Gmail yake. Leo asubuhi imeili za SHULE kwenda kwa wazazi wenye Gmail zinaingia kwenye spamu. Hata sijagusa shule. Kuna uhusiano?

mzee_wa_logi
Upo, tena mkubwa. Kijana unakusanya takataka za dunia nzima kwa kipa halafu unazibeba kwa mgongo wako unazipeleka Gmail. Gmail haioni aliyeandika spamu mwanzo, inaona IP yako imewaletea. Na IP ni moja kwa wateja wote wanne. Juu ya hapo, ukifowadi, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) inavunjika maana anayeonekana mtumaji hajaruhusu seva yako kumtumia. DKIM (sahihi ya kidijitali ya imeili) inaweza kupona kama hujagusa maandishi, SPF haiponi mpaka uweke kitu kama postsrsd cha kuandika upya anwani ya mtumaji. Hata ukiweka, spamu inabaki spamu.

Zima fowadi leo. Boss awekewe boksi la kampuni kwenye simu yake kwa IMAP, dakika kumi. Halafu tupia hapa matokeo ya hii:

`grep -o 'orig_to=<[^>]*@mfano.co.tz>' /var/log/mail.log | sort | uniq -c | sort -rn | head -30`

orig_to ni anwani aliyoiandika mtumaji kabla aliasi haijabadilishwa. Tuone kipa amedaka nini.

KijanaWaSae
Nimezima fowadi. Matokeo ya siku mbili haya, nimekata mengine:

`    41 orig_to=<mauzo@mfano.co.tz>`
`    19 orig_to=<admin@mfano.co.tz>`
`    17 orig_to=<john@mfano.co.tz>`
`    17 orig_to=<maria@mfano.co.tz>`
`    16 orig_to=<sales@mfano.co.tz>`
`    16 orig_to=<support@mfano.co.tz>`
`    12 orig_to=<mhasibu@mfano.co.tz>`
`     6 orig_to=<mauso@mfano.co.tz>`
`     3 orig_to=<mahuzo@mfano.co.tz>`
`     2 orig_to=<muhasibu@mfano.co.tz>`
`     1 orig_to=<parachichi@mfano.co.tz>`

Nikiitoa ile head, chini yake kuna majina ya mojamoja mia na kitu, adam, alice, anna, anthony, yamepangana kabisa kama rejista ya darasa. Kampuni haina john wala maria

binti_wa_seva
Huyo anasoma kamusi ya majina. Anajaribu moja moja aone lipi linakubaliwa, na kwako YOTE yanakubaliwa. Ameshakuandika kwenye daftari lake kama nyumba isiyo na mlango

Fundi_Makambako
Okei hapa nanyoosha mikono. Kwenye seva ya kuchangia kipa hapana. sales@ ndo ingenitia wasiwasi, huyo anaweza kuwa mnunuzi wa kweli wa nje

KijanaWaSae
Nimezifungua zile 16 za sales. 15 spamu, moja ni mtu wa kweli anaulizia kama wana Hass (aina ya parachichi) mwezi wa nane. Boss hakuwa ameiona, ilikuwa imefukiwa katikati ya zile nyingine za kukopesha fedha na dawa za nguvu

mzee_wa_logi
Hapo ndipo penyewe. Alitaka kipa ili zisipotee, na hiyo moja imepotelea kwenye glovu za kipa.

Andika hivi: mauzo, mauso, mahuzo, sales, parachichi zote kwa pch_mauzo. Mhasibu na muhasibu kwa pch_mhasibu. postmaster na abuse kwako wewe, postmaster ni lazima kwa kanuni za SMTP na siku IP ikiingia orodha nyeusi ndo watakapokuandikia. Kisha ufute mstari wa @. Postmap, rilodi. Anayekosea atapata "User unknown in virtual alias table" hapo hapo. Mwezi mzima uwe unapitia logi kila Ijumaa kuona nani amekataliwa, ukiona kosa la kibinadamu linajirudia ongeza mstari.

Na zile domeini tatu nyingine zitoe mydestination moja baada ya nyingine. Anza na shule.

chuma_ya_tunduma
Na zile imeili za wazazi za mwaka jana kwa jamaa wa mbao?

KijanaWaSae
Nimezikuta 23. Nimeenda Mafinga mwenyewe, nikamweleza jamaa, akanionesha nyingine alikuwa anazifuta akidhani ni matangazo, zimebaki hizo 23. Nimezihamishia boksi la shule na nimempigia mwalimu mkuu nikamwambia ukweli. Kaniambia nije Jumatatu saa mbili kamili. Mniombee

binti_wa_seva
Umefanya vizuri kusema mwenyewe kaka

KijanaWaSae
Apdeti baada ya wiki tatu, nilikuwa kimya.

Shule bado ni wateja wangu, ila mwalimu mkuu kanipunguzia malipo ya miezi miwili, sikubisha. Domeini zote nne zimetoka mydestination. Imeili za shule zilianza kurudi kwenye inboksi za wazazi polepole kama siku ya tisa, ya kumi hivi. Kwenye logi jamaa wa kamusi alikuja tena siku ya kwanza, alifika mpaka herufi ya g akaacha.

Boss alikasirika kidogo kusikia kipa nimemtoa. Nikamwekea boksi kwenye simu, sasa hivi anapata imeili nane tisa kwa siku na anazisoma zote. Yule wa Hass amejibiwa.

Kitu kimoja tu. Nimepiga hesabu ya wiki hizi tatu, mauso@ imepokea wateja 14 wapya, mauzo@ wapya 9. Dada wa mauzo anauliza oda ya pili ya makatoni wairekebishe spelingi au waache?

mzee_wa_logi
Warekebishe. Ila mstari usifute

chuma_ya_tunduma
Waache, mauso ishakuwa brandi